Kitimoto ya Mbeya: karai linajua kazi, bomba la chooni bado

Mbeya ni mji wa kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Ukifuata barabara kuu kutoka Mafiati, ukapita Kabwe na Soweto hadi Uyole inapochepuka njia ya Tukuyu, mabanda yamefuatana, na mengi yana ukuta uliochorwa nguruwe mnene anayecheka, kavaa kofia ya mpishi, kisu mkononi. Nyama haitoki mbali. Rungwe, Mbozi, Mbeya Vijijini na Njombe wafugaji ni wengi, na pumba za mahindi hazikosekani.

Tunachopima hapa ni huduma yenyewe, kuanzia mizani hadi maji ya kunawa. Majina ya mabanda tumeyaacha kwa makusudi, maana kitimoto ni mpishi, na mpishi aliyeko Soweto leo mwezi ujao utamkuta Mbalizi. Mteja anayejua cha kutazama atakula vizuri popote.

Anza kwenye mizani. Kitimoto huuzwa kwa kilo, nusu na robo, na kilo hiyo ni ya nyama mbichi pamoja na mfupa na ngozi. Ikishaiva, karibu theluthi ya uzito imekwenda: maji yamekauka, mafuta yameyeyuka. Kwa hiyo sinia ya nusu kilo ikija inaonekana ndogo, usikimbilie kusema umepunjwa. Wa kumtilia shaka ni yule anayepimia ndani wakati wewe umekaa nje. Banda zuri linaning'iniza nyama mbele, linakata mbele yako na kupima mbele yako. Nusu kilo na ndizi nne za kuchoma inawatosha watu wawili. Kilo nzima iacheni kwa meza ya watu wanne.

Kuhusu kipande cha kuchagua, methali wanayopenda kuiandika ukutani inatoa ushauri sahihi kabisa wa jikoni: ukiamua kula nguruwe, kula aliyenona. Katika maongezi huambiwa mtu aliyekwisha kuvuka mpaka halafu anaona haya katikati ya safari, kama yule anayeingia bandani kwa kujificha, akaagiza robo, tena isiyo na ngozi. Kwenye karai maana yake ni nyepesi zaidi. Paja lisilo na mafuta linakauka na kuwa gumu kabla halijapata rangi. Omba ubavu au bega, lenye tabaka la mafuta la sentimita moja hadi mbili, ngozi ikiwa juu. Mafuta hayo ndiyo yatakayoikaanga nyama yenyewe.

Wapishi wazuri wa Mbeya hawaanzi na kukaanga. Wanakata vipande vya sentimita nne au tano, wanaviweka kwenye karai na maji kidogo, chumvi, tangawizi na kitunguu swaumu, kisha wanachemsha huku wamefunika. Hapa pana jambo ambalo mgeni kutoka Pwani huwa halijui. Mji uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku maji yanachemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Nyama inachelewa kulainika. Dakika 20 zinazotosha Dar es Salaam, huku ni 30, na kwa nguruwe mkubwa zaidi ya hapo. Anayekuletea sinia dakika 15 baada ya kupima, ama alichemsha asubuhi, ama amekurukia hatua. Kuchemsha asubuhi si kosa iwapo nyama ilikaa kwenye friji. Kuruka hatua ni kosa, na utalijua ukikata kipande kinene: nje kimeungua, katikati kando ya mfupa kuna wekundu mbichi. Kirudishe bila aibu.

Maji yakikauka, mfuniko unatolewa na mafuta yanaanza kutoka yenyewe. Mpishi asiyejiamini huongeza mafuta ya kula hapa. Mwenye kazi yake anasubiri. Moto wa wastani, dakika 15 hadi 20, anageuza mara chache tu ili ngozi ishike rangi. Kosa linalorudiwa sana siku za wikendi ni kujaza karai. Kilo tano zikishindiliwa pahali pa kilo mbili, mvuke unakosa njia, nyama inachemka ndani ya maji yake na ngozi inabaki inanata kama gundi. Ukitaka kavu, agiza mapema kabla watu hawajajaa. Ukitaka rosti, mafuta yaliyozidi yamwagwe kwanza, ndipo kiingie kitunguu, hoho, karoti na nyanya kwa dakika tano. Rosti inayoelea mafuta ni uvivu wa kuinamisha karai.

Ngozi nayo ina habari zake. Nguruwe aliyechinjwa humwagiwa maji ya moto ili nywele zing'oke, na maji hayo yanatakiwa kuwa nyuzi joto 60 hadi 65. Yakiwa ya kuchemka kabisa, ngozi inaiva juu na nywele zinakazana ndani badala ya kutoka. Ukikuta sinia yenye vishina vyeusi vinavyochoma ulimi, kosa halikuanzia kwa mpishi, lilianzia machinjioni. Mpishi anayejali huipitisha ngozi kwenye moto na kuikwangua upya kwa kisu.

Harufu kali inayofanana na ya mkojo, inayopanda mara karai linapopata moto, ni ya dume ambaye hakuhasiwa. Viungo haviifuniki, na limao ndiyo kabisa. Wafugaji wanaojua biashara huhasi madume wakiwa bado wachanga, wiki za mwanzo, na kuwauza wakiwa na miezi sita hadi minane. Ukisikia harufu hiyo, omba ubadilishiwe nyama. Kubadilishiwa viungo hakusaidii.

Sasa turudi ukutani, maana nusu ya raha ya mabanda haya ni maneno. Nguruwe ana majina ya utani kuliko kitoweo chochote Tanzania: mdudu, mbuzi katoliki, kitimoto lenyewe. Majina hayo yalikua katika mitaa ambayo jirani mmoja anakula na mwenzake ni mwiko kwake, awe Mwislamu au Msabato, na Mbeya wote wapo. Mtu anaagiza kwa jina la mafumbo, jirani anaelewa, hakuna aliyeudhika. Utani wa namna hiyo haumcheki nguruwe. Unatucheka sisi tunaotazama kushoto na kulia kabla ya kukaa, na una adabu ndani yake.

Maneno tusiyoyakubali ni yale ya "mchafu kama nguruwe", ambayo baadhi ya kuta zinayageuza kuwa kichekesho cha biashara. Ni uongo, na unatuletea hasara. Nguruwe karibu hatoki jasho. Jua likimzidi hana njia ya kupoza mwili ila kulala kwenye maji, na asipopata maji atalala kwenye tope. Mpe banda lenye kivuli na nafasi, atachagua kona moja ya kujisaidia, mbali na anapolala na anapokula. Mwenye nguruwe anayelala kwenye kinyesi ajue amejenga banda dogo. Tunamwita mlafi na mjinga pia. Mwaka 2009 Donald Broom na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliwapa nguruwe wanane nafasi ya kuzoea kioo kwa saa tano. Baadaye wakaficha bakuli la chakula nyuma ya kizuizi, likawa linaonekana kwenye kioo tu. Saba kati ya wanane waliitazama picha, wakageuka na kulifuata bakuli lilipo kweli, wastani wa sekunde 23. Mnyama huyo anajua kutumia kioo. Sisi tumemfanya yeye kuwa kioo, tukachukia sura tuliyoiona.

Jambo hili lina uzito sana katika Nyanda za Juu Kusini kwa sababu ya tegu, mnyoo wa tumboni. Wengi wanaamini nguruwe ndiye anayezaa ugonjwa. Mzunguko ulivyo ni huu: tegu mkubwa, mwenye urefu wa mita kadhaa, anaishi kwenye utumbo wa binadamu peke yake. Mayai yanatoka na kinyesi cha mtu. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, mayai yanageuka vijivimbe vyeupe ndani ya nyama, vya ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, anapata tegu tumboni, na mzunguko unaanza upya. Bila choo chetu kibovu, nguruwe hana mahali pa kuupata.

Kwa mteja, ulinzi wa kwanza ni mhuri wa mkaguzi wa nyama. Omba uoneshwe kabla nyama haijakatwa vipande, kwa sababu baada ya hapo hakuna wa kuthibitisha. Vijivimbe hupenda ulimi, moyo na misuli ya bega. Mwenye banda makini hachukii ukitaka kuona mkato wa bega. Ulinzi wa pili ni moto, na kwa hili mabanda mengi ya Mbeya yanastahili sifa. Nyama iliyochemshwa nusu saa kisha ikakaangwa haina kijivimbe kilichobaki hai. Mishikaki minene inayochomwa haraka kwenye mkaa ndiyo ya kuogopa.

Lakini hatari kubwa zaidi mezani pale ni kachumbari, na watu wachache wanalijua hilo. Mtu mwenye tegu tumboni, awe hajawahi kuhisi lolote, anatoa mayai kila anapokwenda chooni. Asiponawa kwa sabuni halafu akakata nyanya na vitunguu, mayai hayo yanaingia kwenye bakuli ambalo halitapita motoni. Anayeyameza hapati tegu wa tumboni. Anapata vijivimbe mwilini mwake, na vikikaa kwenye ubongo vinaleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi ambayo watu wanaishi karibu na nguruwe wanaozurura, tegu huyu ndiye chanzo cha asilimia 30 ya kifafa. Hata asiyegusa nyama ya nguruwe maisha yake yote anaweza kuupata ugonjwa huo kwenye mboga mbichi.

Ndiyo maana alama zetu za chini zinakwenda chooni. Mabanda mengi yana ndoo nzuri ya maji ya moto mbele, pamoja na beseni na sabuni ya maji, kwa ajili ya mteja anayesubiri sinia. Nenda nyuma. Bomba la chooni halitoi maji, au yapo lakini sabuni haipo, na choo hichohicho ndicho anachotumia anayekata kachumbari. Ndoo ya lita 20 yenye koki na kipande cha sabuni ni gharama ndogo kuliko kilo chache za nyama. Wenye mabanda tunawaomba waweke hiyo leo, na wapishi wapimwe choo kituo cha afya. Tegu akionekana, dawa zipo na daktari atajua ya kutoa. Mteja ambaye hajaridhika na choo ale nyama, ndizi na pilipili ya kupikwa, aiache kachumbari.

Ndizi zenyewe hazina mpinzani. Zinatoka Tukuyu, zikichomwa zinabaki laini ndani, na zinabeba mafuta ya nyama kuliko chipsi. Jambo la kuuliza ni mafuta ya kukaangia. Mabanda yanayouza pia kuku na chipsi mara nyingi yana karai moja tu, na mtu ambaye nguruwe ni mwiko kwake anaweza kuuziwa chipsi zilizopita kwenye mafuta hayo bila kuambiwa. Hilo si suala la utani. Makarai yawe mawili, na mhudumu aseme kabla hajaulizwa.

Bei ikiporomoka ghafla, jihadhari. Homa ya nguruwe ya Afrika inapoingia wilaya, wafugaji wengine huwahi kuuza kabla ya karantini, na nyama isiyo na mhuri hujaa mjini. Virusi vyake havimdhuru binadamu, ila hudumu muda mrefu kwenye nyama mbichi na mifupa. Mabaki ya sinia yakichotwa kwenda kulisha nguruwe wa mtu bila kuchemshwa, banda zima la mfugaji linaweza kwisha, na matibabu hayapo. Mwenye kuchukua mabaki ayachemshe nusu saa kamili huku akikoroga.

Wa safari anayepanda basi Nanenane achukue kavu, isiyo na rosti, ifungwe ikishapoa kidogo ili mvuke usiilainishe ngozi. Chumvi na pilipili kwenye karatasi ya pembeni, ndizi kando. Ikifika Iringa imepoa na mafuta yameganda. Ipashwe kwenye sufuria kavu bila kuongeza chochote, mfuniko ukiwa wazi, mpaka ngozi ianze kulia tena.