Hundi namba 1048: uzoefu wangu na programu ya kuchapa hundi nyumbani

Sikukusudia kuandika lolote kuhusu programu hii ya hesabu za nyumbani, kwa sababu kwa takriban miaka mitatu ilinitumikia vizuri, na mtu aliyeridhika huwa hana haraka ya kusema. Leo nasema kwa ajili ya hundi moja tu.

Ninaishi Minnesota, ambako mwenye nyumba wangu, bibi wa umri mkubwa, hapokei kodi kwa simu wala kwa kadi. Anataka hundi ya karatasi, tena iliyochapwa, kwa kuwa mwandiko wangu ulishamchosha. Kaka yangu wa Tanga, ambaye hulipa karibu kila kitu kwa simu, huniuliza kama kweli Wamarekani bado wanaandikiana hundi. Ndiyo, kaka, wanaandikiana.

Nilipochagua karatasi niliziacha zile za hundi moja yenye vishina viwili, ambazo zinafaa zaidi ofisi inayolipa mishahara, nikachukua za hundi tatu kwa ukurasa. Hizi huja tayari na jina langu, namba ya hundi, na ule mstari wa chini wa wino wa sumaku wenye tarakimu tisa za kuitambulisha benki pamoja na namba ya akaunti. Programu hujaza tarehe, jina la anayelipwa na kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Namba ya hundi haiichapi. Huikisia tu, kwa kuongeza moja juu ya ile ya mwisho iliyomo kwenye daftari lake.

Siku moja ya baridi kali gari liligoma kuwaka, fundi akaja, nami nikachana hundi ya kwanza ya ukurasa mpya, namba 1047, nikaijaza kwa kalamu. Sikuiingiza kwenye programu, hilo nakiri. Usiku nikaiambia programu kwamba ukurasa umebaki na hundi mbili, ikakubali bila swali, ikachapa kwa unadhifu wa kupendeza: kodi ya nyumba kwenye 1048, daktari wa meno kwenye 1049. Kwenye daftari lake ikaandika 1047 na 1048. Kisha ikaniuliza kama hundi zote zimechapwa sawasawa. Zilikuwa zimechapwa sawasawa! Nikabonyeza ndiyo.

Hundi ya daktari ikapotea njiani. Nikafungua daftari, nikaona ya daktari ni 1048, nikaiagiza benki izuie malipo ya 1048, nikatozwa na ada ya kuzuia. Bibi wa watu alikuwa bado hajaipeleka yake, kwa sababu huziweka hundi kwenye droo na kwenda benki anapojisikia. Alipokwenda, hundi yangu ya kodi ikarudishwa bila kulipwa. Jioni ile alisimama mlangoni kwangu amevaa koti juu ya nguo za kulalia, akaniuliza, kwa upole ulioniuma kuliko matusi, kama nina shida ya fedha.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Mhudumu aliniacha nikisubiri karibu nusu saa, halafu akaleta sentensi moja: programu haiwezi kuiona karatasi yako. Hakusema pole wala hakuuliza kilichotokea. Ningemsamehe kama angekuwa amekosea, lakini alichosema ni kweli, na ndicho kinachonichoma hadi leo.

Hata hivyo, programu iliyoambiwa kwamba ukurasa wa hundi tatu umebaki na mbili, na ambayo daftari lake lenyewe lilionyesha kuwa 1046 ndiyo iliyofunga ukurasa uliotangulia, ilishindwaje kujiuliza ya tatu imekwenda wapi? Zamani namba ya kuanzia ilionekana kwa maandishi makubwa kwenye dirisha la kuchapa. Baada ya sasisho fulani ikafichwa nyuma ya kitufe cha mipangilio, bila shaka ili dirisha lipendeze. Nilikuwa nimepanga kuipa nyota moja, na ninavyoendelea kuandika naona hata hiyo ni ukarimu.

Lakini tangu hapo nimehamia karatasi tupu za hundi, ambazo programu yenyewe huzichapa kila kitu, namba na mstari wa chini vikiwemo, kwa hiyo daftari na karatasi haviwezi tena kupishana. Wapo wanaosema tona ya sumaku, yaani wino wa unga wa printa wa kuchapia mstari ule, si lazima, kwa kuwa sheria ya Marekani iliyoanza kutumika Oktoba 2004 ilizirahisishia benki kufanya kazi kwa picha za hundi badala ya karatasi zenyewe. Mimi nimeinunua, kwani sina tena ujasiri wa kujaribu bahati mbele ya bibi yule. Ukizima tu ule mpangilio wa kupunguza ukurasa ili utoshee karatasi, ambao huusogeza mstari wa chini kutoka mahali pake, kazi inatoka safi kiasi kwamba hasira inanipungua, jambo ambalo nalo linaniudhi.

Basi nyota tatu. Mbili zilizobaki nimezizuia, na safari hii nina hakika na namba.

Kodi ya mwezi huu niliipeleka kwa mkono wangu. Bibi aliiinua hundi kwenye mwanga wa dirisha, akaisoma namba kwa sauti, kisha akaitia kwenye droo.