Mbwa wa saizi ya kikombe au mtoto wa mbwa wa kienyeji?

Kwa anayeishi Mbeya, mimi nachagua wa kienyeji.

Mbwa wa saizi ya kikombe, yaani aliyezalishwa awe mdogo kupita kiasi, si mbegu ya peke yake. Chihuahua, mojawapo ya mbegu za mbwa wadogo, hata akiwa wa kawaida ni mdogo tayari, mara nyingi hazidi kilo 3. Ili wapatikane wadogo zaidi, wafugaji hupandisha wale waliozaliwa dhaifu kuliko ndugu zao. Anayeumia ni mbwa. Mwili wake hauna akiba: akikosa mlo, sukari ya damu inaweza kushuka, akatetemeka, akaanguka, hata akafa. Utosi huenda usifunge, vifuniko vya magoti huteguka, meno hubanana. Kuruka tu kutoka kwenye kochi kunaweza kumvunja mguu. Jike mara nyingi hazai bila upasuaji, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Halafu kuna baridi yetu ya Juni na Julai; mwili mdogo namna hiyo hupoteza joto upesi mno.

Wa kienyeji, awe wa Uyole au Tukuyu, anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo, chakula cha kutosha na pa kulala pakavu. Ila atakua, na anataka uwanja. Mpangaji wa chumba kimoja atafute mbwa mdogo wa kawaida, amwone na mama yake. Muuzaji akikataa kumwonyesha mama, au akitoa mtoto asiyefikisha wiki 8, usitume hela.