Ofisi ya ushauri wa masomo mjini Unguja: fomu wanaziweza, fizikia bado

Mwezi uliopita nilimpeleka mtoto wa kaka yangu, aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) huko Pemba, kwenye ofisi binafsi ya ushauri wa masomo iliyopo mjini Unguja. Ofisi hiyo huwashauri vijana juu ya kozi za vyuo vikuu na huwasaidia kujaza maombi ya udahili na ya mkopo, na kwa huduma zote mbili tulilipa shilingi 40,000. Sitaitaja kwa jina, kwani ninachotaka ni mzazi mwenzangu ajue aifuate kwa lipi na asiitegemee kwa lipi. Mimi nasomesha fizikia sekondari, kwa hivyo kila neno lililosemwa pale juu ya somo hilo nililisikiliza kwa makini.

Mshauri alitupokea kwa heshima na hakutuharakisha. Mezani kwake alikuwa na karatasi iliyotiwa nailoni ngumu, yenye safu mbili: kozi zenye ajira na kozi zisizo na ajira. Alipoambiwa kuwa kijana anapenda fizikia, aliteremsha rula kwenye safu ya pili mpaka ikalifikia neno hilo, akaligonga mara mbili, akasema, "Hapa hakuna kazi, mwanangu. Chukua uhandisi wa umeme." Kijana akauliza kwa upole, "Na ile ya sayansi na ualimu, mwalimu, nayo ni hiyo hiyo?" Akajibiwa kuwa ni hiyo hiyo.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Anayehitimu shahada ya sayansi pamoja na ualimu hutoka chuoni akiwa na sifa ya kusomesha, ilhali aliyesoma fizikia tupu, akitaka kuingia darasani, hulazimika kurudi kusoma stashahada ya uzamili ya ualimu, yaani ada nyingine, nauli nyingine na kodi nyingine ya chumba. Kwa familia ambayo husubiri msimu wa karafuu ndipo ilipe madeni yake, tofauti hiyo si ndogo. Tena shahada ya sayansi na ualimu inatolewa hapa hapa, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na kijana angeweza kuisoma bila ya kuvuka bahari. Mshauri anayelipwa kwa kazi hii hana budi kulijua jambo hilo kabla ya jengine lolote.

Sikatai kwamba ana hoja. Ni kweli kuwa tangazo la kazi lenye maneno "anatakiwa mwanafizikia" ni nadra sana kwetu, na kijana anastahili kuambiwa hivyo waziwazi. Ni kweli pia kuwa uhandisi wa umeme ni fani yenye maana kubwa visiwani. Sisi tuliokuwapo mwaka 2008, umeme ulipopotea Unguja takriban mwezi mzima, kisha ukapotea tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, tunajua thamani ya mtu anayeuelewa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Dar es Salaam hadi Fumba. Lakini alipaswa kueleza kwa nini: kwamba mwenye shahada ya fizikia, hata awe hodari wa umeme kiasi gani, hasajiliwi kuwa mhandisi kwa shahada hiyo, na kwamba anayeutaka uhandisi ni bora aanze nao tangu mwaka wa kwanza. Maelezo ya namna hiyo yangemsaidia kijana kupima mwenyewe, na rula isingehitajika.

Fizikia, kwa ninavyoiona, ni shahada inayomfikisha mtu nusu ya njia, na swali la kumuuliza kijana ni nusu ya pili ataisoma wapi na nani atailipia. Nitoe mfano wa fizikia tiba. Mgonjwa wa saratani anapotibiwa kwa mionzi, kama inavyofanyika Taasisi ya Saratani Ocean Road, lazima awepo mtu wa kupiga hesabu ya kiasi cha mionzi kitakachofika kwenye uvimbe na kuhakikisha kuwa mashine inatoa kiasi hicho hasa, kwa kuwa ikizidi huunguza nyama iliyo nzima na ikipungua haitibu. Kazi hiyo huanzia kwenye shahada ya fizikia, ila Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki linapendekeza iongezwe shahada ya uzamili na mafunzo ya hospitalini yasiyopungua miaka miwili. Ni njia ndefu, lakini ipo, na kwenye karatasi ile haikuonekana. Wala haikuonekana hali ya hewa, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada yake kamili, wakati mvuvi wa Nungwi au wa Wete hufuatilia utabiri kabla ya kushua chombo.

Nilisikitika pia kuona kuwa mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu uliokuwapo mezani ulikuwa wa miaka miwili nyuma. Mwongozo huo hutolewa upya kila mwaka, na unapatikana bure kwenye mtandao.

Upande wa fomu ni habari nyengine kabisa. Dada wa mapokezi alikiweka cheti cha kuzaliwa ubavuni mwa cheti cha kidato cha nne, akapitisha ncha ya kalamu herufi kwa herufi, akasimama kwenye jina la baba: kimoja kimeandikwa Khamis, cha pili Hamis. Sisi tulikuwa tumevitazama vyeti hivyo mara nyingi bila ya kuona kitu. Alitueleza kuwa maombi ya mkopo yangeweza kukwama kwa herufi hiyo moja, akatuandikia mahitaji yote ya kiapo cha jina na mahali pa kwenda. Kwa kazi ya dada yule peke yake, fedha yetu haikupotea.

Kijana ameomba sayansi na ualimu hapa Unguja, na hali ya hewa Dar es Salaam. Kiapo kilipatikana siku ya tatu, na dada yule akaikamilisha fomu ya mkopo mbele yetu bila ya kutudai malipo mengine.