Kliniki ya kujenga titi Dar: daktari kanirudisha nyumbani na bado nawapa nyota nne

Nyota nne. Ya tano wameipoteza mapokezi, nitafika huko.

Ni kliniki ya upasuaji rekebishi ndani ya hospitali moja binafsi hapa Dar, jina silitaji maana kuna ya kuwasema pia. Nimeenda baada ya kumaliza mionzi ya kansa ya titi Ocean Road, hospitali ya kansa hapa Dar, titi la kushoto lilishatolewa, na haraka zangu zote kichwani, nataka nijengewe mwezi huohuo maisha yaendelee. Daktari kaangalia kifua, kakibonyeza taratibu, ananiambia dada hapana, sikufanyii sasa hivi. Roho iliniuma jamani! Ila hiyo hapana ndo imewapa nyota.

Alikaa akanielewesha bila kuangalia saa, kitu ambacho hospitali zetu ni adimu. Anasema ngozi iliyopigwa mionzi inakakamaa, mishipa midogo ya damu inapungua, kidonda kinapona kwa shida, kwa hiyo wanaiacha itulie kwanza, mara nyingi miezi 6 mpaka mwaka. Halafu ile silikoni ya kuwekwa ndani ya kifua mnayoiona kwenye mitandao, mwili wa kila mtu unaizungushia utando, kwa aliyepigwa mionzi utando huo una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mgumu na kuibana mpaka titi linapinda na kuuma. Kwangu mimi anaona bora nyama ya tumbo, ngozi na mafuta na mishipa yake, inahamishiwa kifuani na mishipa inaungwa kwa darubini, operesheni ya masaa mengi lakini nyama inakuja na damu yake yenyewe. Tumbo langu hili lililobaki baada ya kuzaa limepata kazi hatimaye.

Nikamuuliza mbona wengine wanatolewa titi na wakiamka wodini jipya liko tayari, operesheni hiyohiyo? Akasema inawezekana kabisa, tena ina faida, ngozi ya titi inabaki na unapunguza kurudi teatre, lakini inamfaa zaidi ambaye hategemewi kupigwa mionzi, sukari yake iko sawa na havuti sigara. Shida ni kwamba kidonda kikigoma, dawa za kansa zinasubiri, na hizo zinatakiwa zianze ndani ya wiki chache baada ya upasuaji, sio uanze kuuguza titi jipya huku matibabu yenyewe yamesimama. Kuna na njia ya katikati, wanaweka kifuko chini ya ngozi au msuli wanakijaza maji ya chumvi kwa sindano kila wiki moja au mbili, ngozi inatanuka kidogo kidogo wakati majibu ya maabara na ya tezi za kwapani yanasubiriwa, ndo mnaamua mbele ya safari.

Na aliyepitisha miaka mingi bila titi? Bado anaweza kujengewa, daktari kasema hajachelewa kama afya inaruhusu. Na kujenga titi hakurudishi kansa, hilo niliuliza mara mbili maana mama mkwe ana maneno yake.

Sasa lawama. Kule nilikotolewa titi hakuna aliyenigusia haya, nililetewa karatasi nisaini basi. Haya mazungumzo yanatakiwa kabla ya kisu, daktari wa kansa, wa mionzi na huyu wa kujenga wawe wameongea, ila hata hawa ninaowasifia hawana tangazo wala kipeperushi cha kumwambia mgonjwa aje mapema, unajikuta umefika mambo yameshaisha.

Mapokezi ndo kabisa. Unakaa asubuhi nzima halafu dada anaita kwa sauti "yule wa titi aje!" watu wote wanageuka. Na kijana wa bima kaniambia eti huo ni urembo. Urembo?? Marekani kuna sheria ya tangu 1998, bima inayolipia kutoa titi kwa kansa lazima ilipie na kulijenga, mpaka kusawazisha la pili. Sisi tuko dirishani tunabishana kama nimeenda kubandika kope.

Kwa kusubiri, nesi wao (huyu nyota tano peke yake) kanielekeza sidiria yenye mfuko wa ndani na titi la kuvaa. La silikoni lina uzito mzuri, bega haliendi upande, ila kwa joto la huku linatoa jasho balaa, mimi navaa la pamba nyumbani na la silikoni naliweka kwa ajili ya kanisani na kazini.

Ukienda beba majibu ya patholojia (yale ya maabara walivyopima nyama ya titi), karatasi ya mionzi inayoonyesha ulimaliza lini, na orodha ya dawa unazotumia. Kama uko kwenye kemo, zile dawa za kansa, usiende ukitegemea operesheni ya haraka, wanataka wiki kadhaa chembe za damu zipande kwanza. Na sema mapema unataka kumwona bingwa mwenyewe, la sivyo wanakupitisha kwa msaidizi na hela unalipa ileile.