Nilipeleka mto mwekundu, nikarudishiwa wa bluu

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa ni wiki kadhaa sasa tangu nilipoifuata picha yangu katika duka moja la kuchapisha na kutia fremu, Kariakoo. Jina la duka nitalihifadhi, kwa sababu fundi wao wa fremu hana kosa lolote na sitaki aponzwe na mwenzake wa kompyuta.

Picha hiyo niliichora usiku, baada ya kazi, kwa miezi. Ni mto Colorado wa Marekani ukipita jangwani chini ya magenge, mahali ambapo sijawahi kufika na ninapopajua kwa macho ya wengine: mchoraji Thomas Moran, aliyekwenda huko mwaka 1873 pamoja na mvumbuzi John Wesley Powell, kisha akachora picha ambayo Bunge la Marekani liliinunua kwa dola 10,000, na Jack Hillers, aliyeajiriwa na Powell mwaka 1871 kama mpiga makasia tu, akajifunzia kamera humo humo safarini. Picha za Hillers hazina rangi, hivyo rangi ya maji ilinibidi niitafute mwenyewe. Jina la mto ni neno la Kihispania lenye maana ya wekundu, na wekundu huo ni tope linalosombwa kutoka kwenye miamba. Nilichanganya rangi hadi nikaipata: katikati ya tofali la kuchoma na chai ya maziwa iliyokolea.

Nilipofungua karatasi, maji yalikuwa ya bluu, tena bluu ya bwawa la kuogelea la hotelini. Nilimwuliza kijana wa kompyuta kulikoni, naye bila kuinua uso kutoka kwenye simu akanijibu, "Mzee, maji yako yalikuwa machafu. Tumekusafishia, na hela hatujaongeza." Nikamwuliza kama amewahi kuuona mto Rufiji wakati wa masika. Akasema yeye ni mtu wa Temeke.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kijana yule hakukosea kabisa. Tangu Bwawa la Glen Canyon lilipoanza kuzuia maji ya mto huo mwaka 1963, tope hutuama katika Ziwa Powell, lililo nyuma ya bwawa hilo, na maji yanayotoka chini ya ukuta ule, wenye kimo cha zaidi ya mita 200, huwa baridi, maangavu, yenye ukijani; wekundu hurudi pale tu mvua inaposhusha tope kutoka kwenye mito ya pembeni. Kazi iliyohitaji zege lote lile, yeye aliimaliza kwa kubonyeza mara mbili. Lakini mimi nilichora mto aliouona Hillers, na namba yangu ya simu ilikuwa kwenye risiti. Kupiga na kuuliza kungemgharimu nini?

Nilikuwa nimeazimia kuwaambia watu wasikanyage pale. Kisha nikaitazama fremu: mninga mtupu, pembe zote nne zimeshikana kiasi kwamba hata ukucha haupenyi. Mwenye duka naye akakubali kuchapisha upya, nikawa tayari kumsamehe kila mtu, mpaka aliponidai nusu ya bei kwa hoja kwamba mteja ndiye aliyebadilisha mawazo. Mteja! Nililipa, kwa kuwa sikutaka kuiacha picha mikononi mwao usiku mwingine bila makubaliano, lakini nililipa nikiwa nimenuna.

Juzi nilikwenda kuchukua chapa ya pili, ambayo rangi yake, siwezi kusema uongo, imetoka vizuri sana. Ile ya bluu nikaikuta imetundikwa juu ya kaunta kama sampuli, na mama mmoja akiuliza bei yake. Kijana aliponiona aliona haya kidogo, au labda ndivyo nilivyotaka kumwona.

"Shikamoo mzee," alisema. "Huna mto mwingine?"