Bampa la gari la michezo la zamani: la kiwandani au la kuchongesha?

Ukiacha rangi, hakuna kinachobadilisha sura ya gari la zamani haraka kama bampa. Ndiyo maana wengi hulichagua kwa macho. Mimi nayapanga kwa swali moja: je, bodi itakatwa? Bampa linalofungwa kwa spana unaweza kulivua kesho ukibadili mawazo. Linalodai msumeno na kuchomelea, hilo umeshafunga nalo ndoa.

Kwanza jua gari lako lilitoka na bampa gani. Sheria ya Marekani iliyoanza Septemba 1972, kwa magari ya toleo la 1973, ilitaka bampa la mbele lihimili kugonga kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, yaani kilomita 8 hivi, na la nyuma maili 2.5, bila taa na vifaa vingine vya usalama kuharibika. Viwanda vilivyouza huko vikaongeza mpira, shokapu na urefu. Ndiyo maana MGB, gari dogo la michezo la Uingereza, ya 1973 ina mabampa membamba ya kromu, na ya 1975 ina pua nyeusi ya mpira. Yote mawili ni ya kiwandani. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "hili ni jenuini" bila kutaja mwaka na soko la gari, bado hajakuambia kitu.

1. Bampa lako mwenyewe, lipigwe kromu upya

Hili naliweka juu hata kama limechubuka na kuanza kutu. Limeshakaa kwenye bodi hiyo kwa miaka, na matundu yake yanalingana na breketi zake, yaani vyuma vinavyolishikilia kwenye bodi. Magari mengi ya enzi hizo yalimaliziwa kwa mkono, kwa hiyo hata bampa la gari lingine la aina ileile linaweza kugoma kwa milimita kadhaa.

Kazi yenyewe ndiyo ya kuangaliwa. Kromu ya urembo ni nyembamba mno, kwa kawaida chini ya maikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Mng'ao unaouona na kinga dhidi ya kutu hutoka hasa kwenye nikeli iliyo chini yake. Fundi mzuri huvua kromu ya zamani, hunyoosha mabonde kwa kugonga kutoka nyuma, huziba vishimo vya kutu, hupaka shaba, huisugua hadi iwe laini, ndipo huja nikeli na mwisho kromu. Anayeruka hatua ya shaba kwenye bampa lenye vishimo anakuuzia vishimo vinavyong'aa.

Muulize mambo mawili. La kwanza: kingo na matundu ya boliti utayalindaje wakati wa kusugua? Mkono mzito kwenye mashine hulainisha kona zilizokuwa kali, na tundu la mraba linageuka yai. La pili: upande wa nyuma utakuwaje? Bampa huchovywa kwenye maji ya madini yanayopitishwa umeme, na umeme huo haufiki vizuri ndani ya mikunjo, kwa hiyo nyuma hupata madini kidogo, na kutu huanzia huko. Likirudi, lipake rangi ya kuzuia kutu kwa ndani kabla ya kulifunga. Na kabla halijaenda kuchovywa, lifunge kwenye gari kwanza likiwa chuma kitupu. Likishang'aa, ukilipinda kidogo tu ili likae, kromu inapasuka.

2. Nakala ya chuma cha pua (kisichoshika kutu)

Kama la kwako limeoza, hapa ndipo pa kwenda. Halina tabaka la kubanduka, na mkwaruzo mdogo unasuguliwa ukaisha. Rangi yake ina ujoto kidogo ukiliweka karibu na kromu, ambayo huelekea ubuluu. Basi badilisha la mbele na la nyuma pamoja, la sivyo tofauti itaonekana.

Ubora hutofautiana sana. Kabla ya kulipa, lishike bampa chini ya taa ndefu ya tyubu, utazame mstari wa mwanga ukitembea juu yake. Ukinyooka, sawa. Ukicheza kama nyoka, chuma hakikukunjwa vizuri na hakuna fundi atakayekunyooshea. Kagua pia kona zilizochomelewa, na uulize kama breketi zimo, kwa sababu mara nyingi hazimo.

3. Bampa la kiwandani la toleo au soko lingine

Hapa ndipo watu hunaswa, maana maneno "bampa la kiwandani" yanatuliza moyo. Mercedes-Benz SL ya R107 (hilo ni jina la kiwandani la toleo hilo) iliyouzwa Marekani, ile yenye mabampa marefu, hubadilishwa kuwa na mabampa mafupi ya Ulaya kwa kazi ambayo sehemu kubwa ni ya spana na breketi. Hiyo ningeifanya bila wasiwasi. MGB ya mpira kuirudisha kwenye kromu ni hadithi nyingine: indiketa za mbele zimo ndani ya bampa, sehemu za chini za madigadi zinahitaji kazi ya bodi, na gari lenyewe lilinyanyuliwa kama inchi 1, kwa hiyo bila kulishusha litaonekana limesimama juu ya vidole. Porsche 911 ya kuanzia 1974 ina boneti fupi kuliko zilizotangulia. Ukitaka bampa la zamani, jiandae kwa boneti na madigadi pia.

4. La kuchongesha kwa chuma

Naliheshimu likifanywa na fundi bodi anayejua kazi. Marekebisho madogo hupendeza zaidi: kuondoa vidude vya wima vinavyosimama juu ya bampa, kuziba matundu ya boliti, kulisogeza karibu na bodi. Ila usichezee bampa lako zuri. Tafuta bovu la pili, kata hilo, la asili lifunge kwa kitambaa kikavu uliweke. Hakikisha pia namba ya gari na taa bado zina mahali pake kisheria, na iarifu kampuni yako ya bima.

5. Faiba (fiberglass) na nyuzi za kaboni

Ni nyepesi, na kwa gari la mashindano sina neno. Barabarani, kugusa ukuta kidogo tu hupasua. Corvette, gari la michezo la Marekani, ndiyo inayoniharibia mpangilio: toleo la 1973 lilipata pua ya plastiki laini, na 1974 nyuma ikafuata. Plastiki hiyo ya asili huvimba na kujikunja kwa umri, kwa hiyo ya faiba, ngumu na iliyonyooka, mara nyingi hukaa vizuri kuliko ya kiwandani. Kwa gari hilo, faiba ningeipandisha hadi nafasi ya pili.

6. Kuliondoa kabisa

Kwenye picha hupendeza. Lakini kwenye Jaguar E-Type, boneti ndiyo pua na madigadi kwa pamoja, na mabampa ya mbele yamefungwa juu yake, kwa hiyo kugongwa kidogo tu kwenye maegesho kunaishia kwenye kipande ghali kuliko vyote vya bodi. Ukiamua hivyo, ziba matundu kwa vizibo vya mpira, usichomelee, na breketi uziandikie kushoto na kulia kabla hujaziweka stoo.