Mwalimu wa gari anayefundisha kwa Kiswahili hapa Dayton, nampa nyota 4

Naandika kwa vijana wenzangu wa Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi ya Kigoma, Tanzania, mliofika Ohio juzijuzi na bado mnaomba lifti ya kwenda kazini. Basi zipo, hata zile za umeme zenye waya juu, lakini ukitoka shifti saa nane usiku huoni basi wala mtu, mimi nimetembea kwenye snoo mpaka masikio yakafa ganzi.

Huyu bro ni Mkongo, ana kashule kake kadogo ka udereva. Mimi nilikuwa sijui kitu, Fizi kule Kongo nilitoka na miaka tisa, tukavuka ziwa usiku, halafu miaka 11 kambini ni baiskeli tu tena upande wa kushoto. Siku ya kwanza nikatoka pakingi nikaingia kushoto moja kwa moja, jamaa akakanyaga breki (kumbe na upande wake ipo) akasema "mdogo wangu, Kigoma tulishatoka."

Mtihani wa maswali 40 ukipata 30 umepita, huo soma mwenyewe kwenye simu. Kazi iko kwenye nguzo za mtihani wa kuendesha: nne zinafanya boksi ya futi 9 kwa 20, unatoka mbele, unapita pembeni ya nguzo ya tano, unarudi kinyumenyume humohumo, ukiangusha moja umefeli hapohapo. Yeye anapanga ndoo zenye mipini ya mafagio, anakurudisha mpaka shingo inauma.

Ila kilichonifanya niandike ni zoezi la kusimamishwa na polisi. Anashuka, anapita nyuma ya gari na tochi ya simu, anakuja anagonga kioo. Mara ya kwanza nilishafungua mlango nataka kushuka, sikuwaza hata. Kwetu wanajeshi wakisimamisha gari mnashuka wote, mama alikuwa anashika hela mkononi kabla hata hatujafika kwenye kizuizi. Hapa ukishuka ndo umeharibu. Tulirudia mara sita, mikono juu ya usukani, usiingize mkono mfukoni mpaka akuambie, na hakunicheka hata kidogo. Tulipofika Marekani tuliambiwa haya haya kwa mkalimani, dakika tano, nikawa naitikia yes yes tu.

Sasa mabaya yake. Dola 50 kwa saa si mchezo kwa mtu ambaye bado analipa deni la tiketi ya ndege iliyomleta huku. Anachelewa, siku moja nimemsubiri dakika arobaini. Hita ya gari mbovu, na WhatsApp anapokea katikati ya somo, eti shemeji yake Uvira. Dada yangu anataka mwalimu wa kike, hana.

Leseni nimepata Februari. Mkimpigia pigeni baada ya saa kumi jioni, mchana analala, naye ni wa shifti ya usiku.